Miaka Yangu Mitatu na Macho ya Bana Chanda

Mumeniomba, ninyi vijana wa labo, niandike namna nilivyoanza kazi, na niseme kama miaka mitatu ya shule ni mingi ao ni kidogo kwa mutu anayetaka kusoma damu ya wenzake. Aliyeniomba alifikiri nitaandika sifa. Nimeandika sifa mara mbili, nikachana karatasi mara mbili. Hii ya tatu ina haya ndani yake, na naomba musiisome mbele ya wajukuu wangu.

Mimi ni Kalenga. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikasomea labo, ile kazi ya kupima damu, kule Lubumbashi. Mujomba wangu aliuza wavu wake mukubwa ili nisome, yeye akabaki anavua na ndoano kama mutoto. Kila likizo nikirudi alinipokea kivukoni, anapaza sauti watu wote wasikie: "Munganga wangu amefika!" Nikimuambia mimi si munganga, si daktari, ni mutu wa labo, ananijibu: "Wavu wangu umekwenda. Weye ni munganga. Usinibishie." Sikumubishia tena.

Sasa niwaambie ile miaka mitatu ilikuwa nini, maana shuleni hakuna anayeusema ukweli huu. Mwaka wa kwanza niliosha chupa. Mwaka wa pili niliandika majina ya minyoo ambayo mingine sijakutana nayo hata leo, na sijutii. Mwaka wa tatu njo walinipa mikroskopi na mwalimu wa kweli, Papa Ilunga, mutu mufupi, mukali, mwenye bluzi, koti jeupe la labo, lililoshonwa viraka viwili kwenye viwiko. Alitufundisha kupaka tone la damu kwenye lame, kile kipande chembamba cha kioo, kulikausha, kulitia rangi, na kulitazama mpaka shingo iume. Na kila asubuhi, kabla hujagusa kitu, uchuje rangi kwa karatasi. Rangi iliyolala inaacha vumbi lake juu ya damu, na lile vumbi linafanana sana na wadudu wa malaria.

Siku moja alinipa lame iliyojaa vumbi la namna hiyo. Nikabahatisha: malaria. Kweli mugonjwa alikuwa na malaria. Papa Ilunga akaniandikia sifuri.

"Lakini nimepata, Papa!"

"Umepata nini? Lame chafu haijibiwi, inarudiwa. Mutu anayejibu lame chafu ni muongo, hata siku anayosema kweli."

Nililia kwa hasira chooni. Lakini lile ni somo kubwa kuliko yote niliyopewa, na lilichukua dakika tano za ile miaka mitatu. Hesabuni wenyewe.

Halafu vita ikaja, nikavuka ziwa na muke wangu na begi moja, ndani yake cheti kimefungwa kwa nailoni. Upande huu wakasema cheti ni kizuri sana, tena kina muhuri muzuri, ila kiko kwa Kifaransa. Nikarudishwa shuleni mwaka mumoja tena ili nijifunze kusema kwa Kingereza mambo niliyoyajua. Kwa hiyo mimi ni mutu wa miaka mine, si mitatu. Kuna wakati nilikuwa namutajia kila mutu hesabu hiyo, hata muuza karanga.

Kituo chetu kilikuwa karibu na ufuko, nje kidogo ya Nchelenge, unapotokea Kashikishi. Siku ya kwanza nilikuta chumba kidogo, meza moja, na mikroskopi ya zamani isiyokuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake cha kushika mwanga wa jua. Asubuhi niliweka meza kwenye dirisha la mashariki, muchana nikaikokota hadi mulangoni, jioni niko kule pembe nyingine. Watu wakaniita fundi wa kuhamisha meza. Siku ya mawingu tulisubiri, na wagonjwa walisubiri na sisi. Musimamizi wetu, Sista Mulenga, nesi mwenye sauti ya kanisani, alikuwa anachungulia, kwa heshima yao ya kumuita mutu mumoja Ba na ninyi: "Ba Kalenga, jua limesema nini?"

Bana Chanda alikuwa mufagiaji wa kituo. Kwa Kibemba ni kusema mama wa Chanda. Kiswahili alikijua vizuri, juu alipokuwa musichana alikuwa anafanya biashara ya samaki na watu wa ng'ambo. Tangu utoto kazi yake ilikuwa kuchambua chisense, wale samaki wadogo kama sindano wanaoanikwa kwenye muchanga. Mwanamuke anakaa na ungo magotini, anatoa kila chembe ya muchanga, kila kigamba, kila kasamaki kageni, huku anaongea na jirani. Ukimuuzia mutu chisense yenye muchanga, soko zima litajua jina lako.

Siku moja, kwa muchezo tu, nilimuambia: "Bana Chanda, njoo uone damu ya watu."

Akafuta mikono, akainama. Akafunga jicho moja.

"Naona vipete," akasema. "Vipete vidogo, kila kimoja na kajiwe kake. Hapa tatu. Kule moja. Na hii kubwa hapa, si yao, hii ni uchafu."

Mama yangu! Mimi nilihitaji miezi kuona hivyo vipete, ambavyo njo wadudu wa malaria. Nikacheka, nikamuambia, "Weye ungekuwa munganga." Naye akacheka, akachukua ndoo yake. Toka siku ile, kila akimaliza kufagia, alikuja kuinama kidogo, kama mutu anayepita kusalimia.

Sasa nafika kwenye macho yangu. Yalianza na ukungu, jicho la kulia kwanza. Nikabadili miwani. Nikabadili tena. Ulikuwa ni mutoto wa jicho, na nilijua. Wahenga walisema muficha ugonjwa kifo kitamuumbua, lakini mimi sikuogopa kifo, niliogopa barua. Mukimbizi asiyeona, kwenye kazi ya kuona, ataambiwa asante sana na mulango utafungwa. Nikanyamaza. Nilianza kusoma lame kwa kukumbuka zaidi ya kuona.

Wakati wa mvua, uvuvi umefungwa na malaria imefunguka, walileta mutoto kutoka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani mwetu. Mama yake alikuwa amemushika kwenye mutumbwi toka asubuhi. Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha mwezi mzima. Nikatazama lame, nikaona ukungu wangu mwenyewe, nikaandika: hakuna. Bana Chanda alikuwa anapangusa dirisha. Akainama kama kawaida yake.

"Ba Kalenga, mukwai, tafadhali. Muangalie tena. Vimejaa."

"Wapi?"

"Pote. Kama chisense kwenye wavu."

Nikafuta neno, nikaandika lingine, nikakimbia kwa Sista Mulenga. Mutoto akapona. Mama yake alirudi na samaki wawili wakubwa wa kukaushwa, akaniinamia mimi, akanishukuru mimi, na samaki nikala mimi. Bana Chanda alikuwa anasuuza ndoo nje. Sikumupa hata kichwa cha samaki, niwe mukweli, na alikuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Toka pale tulifanya kazi namna hiyo. Sikuwahi kumuomba. Nilisema tu, "Bana Chanda, meza hii ina vumbi," naye akaja, akakaa, akasoma, akasema kwa sauti ya chini: ipo, haipo, ipo nyingi. Mimi niliandika na kutia sahihi. Mutu angepita angeona mufagiaji anashangaa mashine.

Halafu wakaja wageni wawili wa kutoka mukoani, bwana na bibi, watu wapole. Walisema watu wa labo ni wachache, visiwani hakuna kabisa, na shule ya miaka mitatu inachukua vijana wachache na inamaliza mali ya familia zao. Walitaka kujaribu masomo ya miezi mitatu: kusoma malaria tu, basi. Kila kituo kipeleke mutu mumoja, atahiniwe kwanza. Atakayepita atapata cheti na kazi yake, kwa jina lake, hata kisiwani Chisenga, hata Kilwa.

Sista Mulenga hakungoja. "Sisi tunaye," akasema. "Bana Chanda. Si ndiyo, Ba Kalenga? Kila siku namuona kwenye ile mashine."

Kwanza, nikafikiri: akienda, nani atasoma? Pili, na hii ni mbaya zaidi, nikafikiri: akifaulu kwa miezi mitatu, wavu wa mujomba wangu uliuzwa juu ya nini?

Yule bwana akaniuliza kwa heshima, "Muzee, ninyi mumesoma. Miezi mitatu inatosha?"

Nikatoa hotuba. Ee Mungu, nilisema vizuri siku ile! Nilisema damu si mboga. Nilisema miaka yangu mine. Nilimutaja Papa Ilunga, marehemu, ambaye angenipiga kofi. Bana Chanda alikuwa amesimama mulangoni na nguo yake ya kanisa, mikono ameifunga mbele. Aliposikia neno mine alitazama chini.

Wakasema sawa, atahiniwe, na wewe muzee utayarishe lame kumi. Kuniambia mimi! Nilirudi labo, nikafunga mulango. Chini ya kabati kulikuwa na chupa ya rangi ya zamani, iliyolala miezi. Karatasi za kuchujia zilikuwa mbele yangu, kwenye sanduku lao. Lame sita nilizitia rangi nzuri. Nne nilizitia ile ya chupa ya chini, bila kuchuja. Kwa miaka nilikuwa najiambia nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na muchana mzima.

Karatasi ya mutihani ilikuwa na vyumba viwili tu kwa kila lame: ipo, haipo. Juu yake Bana Chanda aliandika Ngosa, na njo siku ile nilijua jina lake. Alikaa kwenye kiti changu, akasoma polepole, midomo inatembea. Alipomaliza, sita zilikuwa na alama mahali pake, zote sawa kabisa. Kwa zile nne hakutia alama chumba chochote. Pembeni aliandika kwa herufi zake kubwa za darasa la sita: rangi ni chafu, irudiwe.

Vijana, musome tena hapo. Hakufundishwa na mutu. Mimi sikuwahi kumuambia habari ya kuchuja. Alitoa mwenyewe jibu ambalo mimi nililipata kwa sifuri na machozi.

Yule bibi mugeni akageuza karatasi. "Hizi nne, anasema nini?"

Bana Chanda akanitazama mimi. Alingoja niseme. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, lame chafu, na kila kitu kingenyooka.

"Anaogopa kuamua," nikasema. "Njo kawaida ya mutu asiyesoma. Akiona kitu kigumu anasema ni kichafu."

"Kumbe," akasema yule bibi kwa huzuni, akafunga kalamu yake.

Nafasi yetu ikapewa kijana wa Mwansabombwe. Sista Mulenga alimushika Bana Chanda bega, akamuambia Mungu ana mipango. Bana Chanda akasema, "Eya mukwai, ndiyo," akaenda kuvua nguo ya kanisa. Mimi nilikwenda nyumbani, muke wangu akanipakulia bukari, ugali wetu, nikasema tumbo linauma. Muke wangu alisema nimelaaniwa na samaki wa Kilwa. Alikuwa anatania.

Siku ya Jumatatu lame zilikuwa zimejaa kwenye meza na sikuona hata moja. Nilikaa nimeshika shingo ya mikroskopi kama mulevi anayeshika nguzo. Nilijua hatakuja, na ningekuwa yeye nisingekuja. Saa nne akaingia na ufagio. Akafagia chumba chote, mpaka chini ya kabati. Kisha akanawa mikono, akaikausha, akasogeza kiti.

"Ya kwanza ipo," akasema.

Nikaandika.

Tulifanya hivyo miaka sita. Miaka sita! Ni mara mbili ya shule yangu ya Lubumbashi, na kwa miaka yote hiyo hakutaja ule mutihani hata mara moja. Toka Jumatatu ile nilichuja rangi kila asubuhi, naye akiwa hapo anaona. Hiyo njo ilikuwa njia yangu ya kuomba musamaha, kama mwizi anayekurudishia kamba baada ya kuchinja mbuzi wako. Nyinyi munaosema muzee Kalenga alikuwa hakosei, kwamba lame zake zikipelekwa kupimwa tena mukoani zilirudi sawasawa, sasa munajua zilisomwa na nani.

Siku ya kunistaafisha walichinja mbuzi. Mutu mukubwa alisimama akasema, "Tutakosa macho ya Ba Kalenga." Watu wakapiga makofi. Bana Chanda naye akapiga, na alipiga kwa nguvu, kwa moyo mweupe. Nyama yangu nikaiacha kwenye sahani. Baadaye jicho moja likapasuliwa kwenye hospitali ya Mansa, likafunguka, na kitu kimoja nilichokuwa nakwepa ni kumuona yeye uso kwa uso.

Akaja mwenyewe. Ni mwezi wa tatu sasa. Alikuja nyumbani kwangu muchana, na Chanda nyuma yake, musichana murefu amemaliza shule, amebeba bahasha. Wakapewa viti. Alikuwa amekuja kwa shauri.

"Ba Kalenga, huyu anataka labo. Amepata mahali pawili. Kuna ile ya miezi, bado inaendelea, atasomea hapa hapa. Na kuna ile ya miaka mitatu, mbali, Copperbelt. Kwa ile ndefu nitauza shamba la mihogo, na wadogo zake watangoja. Ninyi mumepita yote. Muniambie kweli. Ndani ya ile miaka mitatu kuna nini ambacho miye sina?"

Nilitazama nje. Nilisema, "Chanda, mwanangu, kaniangalizie kama chai imechemka." Alipoondoka nikashuka kwenye kiti. Magoti yangu si ya kupigwa tena, lakini nilipiga.

"Bana Chanda. Ule mutihani. Zile lame nne..."

"Muinuke, mukwai. Mutoto ataona."

"Rangi ilikuwa ya chupa ya chini. Nilijua. Nilifanya kusudi. Jibu lako lilikuwa la haki, na nikasema uongo mbele yako."

"Najua."

"Unajua toka lini?"

"Miye njo ninafagia chini ya kabati, Ba Kalenga. Siku ile chupa ilikuwa imepungua." Akanyanyua mikono, akaiweka tena magotini. "Nililia siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mume wangu akasema acha kazi. Halafu nikafikiri, Jumatatu batoto batakuja na homa, na yule muzee haoni. Basi."

Sikujua kama alijua pia habari ya macho. Bila shaka alijua, nani mwingine angejua? Nililia mbele yake, na si kilio kizuri. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa anangoja jua litoke.

Nikamujibu, kwa haki, kama alivyoomba. Nilimuambia ya kusoma vipete yanatosha miezi mitatu, na kwa macho yake hata mwezi. Nilimuambia ile miaka mitatu ina mambo mengine ya kweli: kupima sukari, kifua kikuu, damu ya kuongezea mugonjwa, na mashine inapodanganya ujue imedanganya. Nilimuambia pia mwaka mzima ni wa kuosha chupa. Nilimuambia shule ndefu ilinifundisha kusema "sijui, irudiwe", na siku moja tu ilipohitajika nikashindwa kulisema, wakati yeye aliyekosa shule alilisema. Kwa hiyo, nikamuambia, mimi si mutu wa kuulizwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Chanda akarudi na chai, akaketi, akatutazama mumoja mumoja.

"Basi aende ile ya miaka mitatu," akasema Bana Chanda.

Nikafurahi, mujinga mimi. Nikaanza kusema ndiyo, elimu ni kitu kikubwa, ataona mengi kule.

"Awe, hapana, Ba Kalenga. Kusoma damu nitamufundisha miye, likizo. Nauza shamba juu ya watu kama ninyi, wasipate namna ya kumufungia mulango."